Usiku Kumi na Mbili Kipini

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, nanyi vijana mliokaa kwenye mikeka hapa mbele, assalamu alaykum.

Nimeitwa nizungumze juu ya majahazi, na najua wengi mmekuja kusikia habari za mbao, misumari na matanga. Zitakuwamo. Lakini kuna jambo limenikaa rohoni tangu mwezi wa tatu, na nisipolisema leo, hatua chache kutoka Bandari ya Kale ya Mombasa, sijui nitalisema wapi.

Kwanza nawauliza. Nani hapa amewahi kufika Lamu? Ukumbi karibu wote. Unguja? Wengi vilevile. Na Kipini? Naona mikono mitatu, na mmoja ni wa mzee wangu pale pembeni ambaye ujana wake wote aliumaliza baharini. Basi nitaanzia kwenye hiyo mikono mitatu.

Binamu yangu alinunua jahazi Matondoni, kisiwani Lamu. Chombo cha kazi, kimekula miaka, lakini mkuku wake, ule mti wa chini unaobeba chombo chote, ni mzima. Alitaka kukileta Mombasa kabla kaskazi haijakwisha, nami nikamwambia sitabaki nyuma. Marehemu baba yangu alikuwa karani wa forodha hapa bandarini. Maisha yake yote aliandika vyombo vinavyoingia na vinavyotoka, na mimi mwanawe sikuwahi hata siku moja kuingia Mombasa kwa tanga. Tulikuwa watu saba: nahodha, mabaharia wanne, binamu yangu na mimi. Tukang'oa nanga kwa umande, ule upepo wa alfajiri utokao bara, jua lilipopanda tukapata kaskazi ya kutusukuma kutoka tezi, yaani nyuma ya chombo, na chombo kikaenda kwa utulivu hata mpishi akawa anamimina chai bila kushika kitu.

Alasiri tulikuwa tunaikata Ghuba ya Ungwana. Mwisho wa kaskazi huwa na upepo wa ghafla, na huo ulitujia na wingu jeusi kutoka upande wa bara. Kabla mabaharia hawajalegeza demani, kamba ya kushikia tanga, foromali ilikatika. Kwa faida ya vijana: foromali ni ule mti mrefu unaolala juu ya mlingoti na kubeba tanga. Ulikatika kwa mlio mmoja mkavu, nusu ya tanga ikaanguka majini, na chombo kikaanza kulala ubavu. Mabaharia walilivuta tanga ndani kwa mikono, viganja vikichubuka. Hakuna aliyepiga kelele. Nahodha alitazama jua, akatazama maji, akasema neno moja: "Kipini."

Sikuelewa kwa nini alitazama maji. Nilielewa tulipokaribia. Bahari ilibadilika rangi ikawa kama chai ya maziwa, na mstari ulionekana waziwazi, buluu huku na hudhurungi huku. Ule ulikuwa ni mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, umeteremka karibu kilomita 1,000 kutoka Mlima Kenya na Nyandarua na umebeba udongo wa watu wote waliolima njiani. Udongo huo mlangoni mwa mto umejenga mafungu ya mchanga, na mawimbi huvunjika juu yake. Mwezi ulikuwa na siku kumi na sita, bamvua, siku za maji makubwa, na maji yamejaa. Mzee mmoja wa Kipini alitujia kwa mtumbwi, akapanda, akashika kana, mpini wa usukani, na akatupitisha katikati ya mafungu kwa kutazama minazi miwili iliyoko ng'ambo. Niliona povu kushoto na povu kulia. Kisha kukawa kimya, na tukawa ndani ya mto.

Fundi alipatikana. Foromali iliungwa kwa mti wa mvinje na kufungwa kamba, kazi ya siku tatu. Siku ya nne binamu yangu alifunga mizigo yake tayari kwa safari, na yule mzee rubani akaja akatuambia hatutoki. Bamvua ilikuwa imepita. Maji yanapungua kila siku kuelekea maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, na chombo chetu kinataka pima moja ya maji chini yake, na pima moja juu ya fungu haipo tena. Binamu yangu akauliza, je, tukitupa farumi, mawe yale ya uzito yaliyomo ngamani? Nahodha akamjibu kwamba jahazi tupu juu ya mawimbi yale litapinduka. Tungoje mwezi ufe, mwezi mpya uandame, maji yarudi.

Jumla yake ni usiku 12.

Nasema kweli mbele yenu kwamba siku ile ya nne nilikasirika. Nilikuwa na shughuli Mombasa, nina watu wanaoningoja. Nahodha alinitazama kwa upole akaniambia, "Ami, mji uko hapo, na wewe bado umekaa chomboni." Nikashuka.

Kipini haimalizi nusu saa kuizunguka. Barabara moja ya mchanga, misikiti, minazi, miembe mikubwa ambayo vivuli vyake ndivyo baraza za mji, maduka ya kuuza sukari na vocha na nyavu. Pwani upande wa bahari inaliwa na mawimbi. Jioni watu hawakai karibu na ukingo wa mto, na ukiuliza kwa nini utaonyeshwa nyayo za kiboko kwenye mchanga, mviringo mkubwa wenye vidole vinne, mbichi za jana usiku. Usiku wa pili nilimsikia mwenyewe akipumua chini ya tezi la jahazi letu. Sauti ile huisikii kwa masikio peke yake, unaisikia kifuani.

Mji mdogo huo umewahi kuwa mkubwa. Wakati wa ukoloni ofisi za wilaya zilikuwa hapo kabla hazijahamishiwa Galole, ndiyo Hola ya leo. Na kabla ya ofisi zilikuja bunduki. Usultani wa Witu, wa Wanabahani, ukoo wa masultani waliotoka Pate, uliwekwa chini ya ulinzi wa Wajerumani mwaka 1885, na mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza wakabadilishana nchi kwa karatasi huko Ulaya. Vita na Witu vilipotokea, manowari za Waingereza zilikuja Kipini, askari wakashuka pale pale tuliposhuka sisi, wakatembea hadi Witu na kuichoma. Ilikuwa Oktoba 1890. Watu wa Kipini wanakuonyesha njia waliyopita.

Lakini historia hiyo imeandikwa tayari. Nataka kukaa zaidi kwenye mambo niliyoyaona kwa macho.

La kwanza ni boriti. Siku ya tano nilifuatana na mzee mmoja mkata mikoko. Tuliingia kwenye kijito kwa mtumbwi wakati maji yanajaa, maana maji yakipwa hutoki tena mpaka yarudi. Mikoko imesimama juu ya mizizi yake kama watu waliopandisha nguo kuvuka tope. Mzee alinionyesha mmoja mmoja: huu mkoko wenyewe, huu mkandaa, huu muia, huu mchu. Kisha akanifundisha majina kwa unene. Nyembamba kabisa ni fito. Kisha pau. Kisha mazio. Kisha boriti. Kisha nguzo. Huhesabiwa kwa korija, yaani 20 kwa 20. Alikuwa akiutazama mti uliosimama majini na kulitaja jina lake kama tayari umekatwa na kupangwa, na hakukosea hata mara moja.

Akaniuliza, "Nyumba yenu Mombasa ni ya kale?" Nikamwambia ni ya babu, iko Kuze. "Chumba kina upana gani?" Nikafikiri, nikamwambia hatua nne hivi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi ni boriti za huku, au za Lamu. Mti haukubali zaidi ya hapo."

Wazee wangu, nimezaliwa ndani ya chumba kile. Nimelala miaka nikiitazama dari ile na kuzihesabu boriti nikiwa na homa. Kila mtu wa Mji wa Kale anajua vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, na watalii huambiwa kwamba ni desturi ya Waswahili. Ni desturi, ndiyo, lakini desturi imefuata mti. Boriti ya mkoko inabeba sakafu ya mawe na chokaa kwa upana usiozidi mita 3, ukivuka hapo inapinda. Kipimo cha chumba alicholala bibi yangu, kitanda kilipowekwa, mlango ulipofunguka, vyote vilipimwa kwanza ndani ya tope na mtu aliyesimama kiunoni kwenye maji ya kijito kama kile. Na si sisi tu. Boriti hizi zilipakiwa majahazini zikaenda Arabuni na Ghuba ya Uajemi, nchi zisizo na miti, mpaka mwaka 1982 serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje. Baba yangu aliziandika maelfu kwenye daftari zake za forodha. Sidhani kama aliwahi kuuona mti wenyewe umesimama.

Siku ya saba, maji yakiwa mafu na jahazi limekaa kimya kama limepigiliwa, tulikwenda Ungwana. Unatembea pwani kuelekea mashariki, maji yakiwa yamepwa na mchanga mgumu. Halafu unaingia kichakani na kuona ukuta. Msikiti mkubwa wa ijumaa, mihirabu yake bado inaelekea kibla, makaburi, ua wa mji. James Kirkman, mwanaakiolojia yule yule aliyechimba Gede na akachimba ndani ya Ngome yetu hapa, Fort Jesus, alichimba Ungwana miaka ya 1950. Ulikuwa mji wa mawe ulioishi karne nyingi na kuhamwa katika karne ya 17. Leo mbuyu umepasua ukuta, nyani wanakaa juu yake.

Huko ndiko wanakosema amelala Fumo Liongo, shujaa wa ngano zetu.

Bibi yangu alinisimulia Liongo nikiwa mdogo, kama nyinyi mlivyosimuliwa. Jinsi alivyofungwa minyororo, mama yake akampelekea mkate wa wishwa wenye tupa ndani, na watu wakipiga ngoma ya gungu nje yeye akikata pingu. Na jinsi mwanawe mwenyewe alivyomchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, akaamka na kwenda kisimani, akapiga goti, akapachika mshale katika upinde, akafa hivyo hivyo amelenga. Siku kadhaa watu hawakuthubutu kuteka maji. Nilipokuwa mtoto nilichoogopa katika kisa hicho ni sindano. Nilipofika kule, kijana aliyetuongoza, wa darasa la nane hivi, alikisimulia chote mbele ya kaburi, na alipofika kisimani akasimama. Akasema, "Mji mzima ulikaa na kiu, na maji yako pale." Hakuongeza neno. Akaendelea na njia. Nami nikaanza kuliona jambo ambalo sikulijua bado.

Nililijua ng'ambo ya mto, Ozi.

Ozi ni kijiji cha Wapokomo, wakulima wa mto, Waislamu, watu wapole sana. Nilivushwa na mama mmoja aliyekuwa akirudi kutoka kuuza maembe, na njiani kulikuwa na mwenzake aliyembeba mtoto na kumwimbia alale. Niliinua kichwa. Mnajua kwamba sauti ya Wimbo wa Taifa letu, huu tunaousimamia, ilitokana na wimbo wa kubembeleza watoto wa Kipokomo? Ilichukuliwa huku Tana, 1963 ikawa ya nchi nzima. Nimesimama kwa wimbo ule tangu shule ya msingi, na siku ile ndiyo nilipouona mto ulikotoka.

Yule mama, nitamwita Mama wa Ozi, alinipeleka shambani kwake. Ni shamba la mpunga, tambarare, kilomita kadhaa kutoka baharini, na halina mashine ya maji wala bomba. Nikamuuliza anamwagiliaje. Akanijibu, "Namwagilia kwa bahari, mwanangu."

Nisikilizeni hapa, maana hiki ndicho kilichonileta. Bahari inapojaa, inauzuia mto usitoke. Maji ya chumvi ni mazito, hukaa chini. Maji matamu ya mto ni mepesi, hukaa juu. Basi bahari ikisukuma, maji matamu yanainuliwa, yanapanda ukingo, yanaingia mifereji na kutanda shambani. Mkulima anafungua njia kwa jembe, anangoja, na kabla maji hayajaanza kupwa anaifunga kwa udongo. Maji yanabaki, matamu, mpunga unakunywa. Na inatokea hasa siku za bamvua, maji yanapokuwa makubwa.

Bamvua ile ile tuliyokuwa tukiingoja sisi. Sisi tumekaa tukihesabu siku kwa hasira ili maji yapande tuondoke, na ng'ambo ya mto mwanamke amekaa akihesabu siku hizo hizo ili maji yapande ale. Nilikaa chini kwenye kingo ya shamba, nikashindwa kusema.

Akachota maji mferejini kwa kiganja, akaniambia nionje. Yalikuwa na chumvi. Si chumvi ya bahari, chumvi ya machozi. Akasema utotoni mwake hapo walikuwa wakichota maji ya kunywa. Sasa kuna misimu maji ya bamvua yanaingia na chumvi na kuuchoma mpunga wote, majani yanageuka rangi kuanzia nchani. Mto umekosa nguvu ya kuizuia bahari. Mto unapokuwa na nguvu, bahari inauinua. Mto unapokuwa dhaifu, bahari inaingia yenyewe.

Kwa nini umekuwa dhaifu? Kindaruma, 1968. Kamburu, 1974. Gitaru, 1978. Masinga, 1981. Kiambere, 1988. Ni mabwawa matano kwenye mto mmoja, ya umeme. Sisemi yavunjwe. Taa hizi zilizotuwakia hapa ukumbini zinalishwa pia na maji yale, na watoto wangu wamesoma kwa mwanga wake. Ukame nao una sehemu yake, na misitu iliyokatwa huko juu. Lakini mafuriko yaliyokuwa yakija kwa majira yake, yakisukuma chumvi baharini na kutandaza udongo mpya mashambani, yameshikwa huko juu na kufunguliwa kwa mahitaji ya watu wengine. Mama wa Ozi hayumo katika hesabu hiyo. Nimetafuta alipo ndani yake, sikumwona.

Na watu wa pale wanajua kuliko mtu yeyote kwamba mto ukiguswa juu hubadilisha maisha chini. Tana zamani haukutokea Kipini, ulitokea baharini upande wa kusini zaidi. Pale Kipini palikuwa na Ozi tu, mto mdogo. Karne ya 19 watu walichimba mfereji kwa mikono huko Belezoni kuiunganisha mito miwili ili mitumbwi ipite, na Tana ikaupenda mfereji, ikaufanya njia yake. Mto mrefu kuliko yote nchini ulihama kwa sababu ya majembe.

Nyinyi mnakumbuka mwaka 2012. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta ile, Wapokomo na Waorma, wakulima na wafugaji, na ugomvi ulikuwa wa maji na malisho. Mwaka huohuo delta ya Tana, hekta 163,600, iliandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu kwa dunia. Kule Kipini kila asubuhi nilinunua maziwa kwa mwanamke wa Kiorma aliyekuja na dumu lake, na akikaa chini ya mwembe mmoja na Mama wa Ozi, biashara zao bega kwa bega. Sikuwauliza juu ya mwaka ule. Mgeni ana mipaka.

Ninachowaomba watu wa Mombasa ni kwamba tuwahesabu hawa kuwa wetu. Dari zetu zimetoka kwao. Kamba tunaokula mwezi wa Ramadhani wengi wamekulia kwenye tope la Ungwana, kwa sababu mto na mikoko ndio unaowalea. Ngano zetu zimezikwa kwao. Linapozungumzwa neno la bwawa jipya au mradi mpya juu ya Tana, na mikutano ya kusikiliza wananchi ikaitishwa, sauti za Pwani zinazosikika ni za watu wa Tana peke yao, nasi tumekaa kama si letu. Nyinyi vijana wa vyuo, mnaotafuta mada za kuandikia, nendeni Ozi na chombo cha kupimia chumvi, mkapime kila bamvua, mwaka mzima, mkaandike. Daftari kama zile za baba yangu. Mimi nitagharimia nauli ya wawili wa kwanza, na maneno haya nayasema mbele ya mashahidi.

Tulitoka mwezi ukiwa umekufa, alfajiri, giza bado. Rubani alishika kana tena. Umande ulivuma kutoka bara na harufu ya matope na moshi wa kuni. Tulipita juu ya fungu, nikasikia mkuku ukigusa mchanga mara moja, kwa wepesi, kisha maji yakawa na kina. Mzee aliruka mtumbwini mwake, akatuinulia mkono, na nilipogeuka kumtazama sikuuona mji, niliona minazi tu. Nilijua kwamba saa ile Mama wa Ozi yuko shambani na jembe, mfereji umefunguliwa, anaonja.

Alinipa gunia dogo la mchele wa msimu uliopita, msimu uliokuwa mtamu. Alikataa pesa. Aliniambia niwapikie watu wa Mombasa, wajue ladha yake wakati bado upo. Umepikwa leo kwa nazi, na sufuria ziko hapo uani. Mama zangu watakula kwanza, kisha wazee, kisha sisi wengine. Karibuni.